Mjukuu wa Maili Kumi na Sita

Kila Krismasi, matooke yakishafunuliwa kwenye majani yake, mzee mmoja alikuwa na kauli moja: "Sisi ni watu wa Katikkiro." Aliisema kwa Kiganda, taratibu, kisha akaendelea kula. Watoto hawakuwahi kumuuliza maana. Mzee alipofariki, mwanawe wa kwanza aliibeba kauli ile kama mtu abebavyo hati ya shamba. Hapa nitamwita Mrithi, kwa sababu ndiye aliyefungwa lubugo, nguo ya magome ya mti, na kushikishwa mkuki siku ya kumaliza msiba.

Nilimjua kwenye soko la Kisekka, alikokuwa akiuza vipuri vya magari. Mtu wa maneno mazuri, mkarimu, na Novemba haikumpita bila kikombe cha senene wa kukaanga mezani. Nakitaja kikombe hicho mapema kwa sababu ushahidi tuliohangaika kuutafuta kwa miaka miwili ulikuwa humo, na sote tulikuwa tukiutafuna.

Katikkiro aliyekuwa kichwani mwake ni Sir Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda kwa zaidi ya miaka 35, hadi alipojiuzulu mwaka 1926 baada ya kugombana na maofisa wa Kiingereza. Kabaka Daudi Chwa alipokuwa bado mtoto, Kagwa alikuwa mmoja wa walezi watatu walioshika ufalme kwa niaba yake. Mwaka 1902 alisafiri hadi London pamoja na katibu wake, Ham Mukasa, kushuhudia kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na mwaka 1905 akapewa cheo cha Sir, kile kile walichokuwa nacho wapiganaji wa farasi wa wafalme wa Uingereza enzi za kale. Wapiganaji wale ujira wao ulikuwa ardhi. Kagwa yake alikuwa ameshaipata miaka mitano kabla ya cheo.

Aliipata kwenye Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900, uliosimamiwa kwa upande wa Waingereza na Sir Harry Johnston. Nakala ya mkataba huo nilimpa Mrithi mimi mwenyewe, na sijivunii. Ndani yake nchi ya Buganda imegawanywa kwa maili za mraba kama mtu agawavyo nyama ya Idi: Kabaka 350, wakuu na watu binafsi elfu moja maili 8,000, misheni 92, na kila mmoja wa walezi watatu maili 16 zake mwenyewe na 16 nyingine za cheo chake. Nchi yenyewe ilikuwa haijapimwa. Maili zilitolewa kwanza, mipaka ikafuata, na upimaji ukamalizika mwaka 1936, baadhi ya waliogawiwa wakiwa kaburini. Neno "maili" likaingia Kiganda kama "mailo", na hadi leo ndilo jina la aina hiyo ya umiliki.

Mrithi alisoma mstari wa walezi, akapiga hesabu kwenye kisanduku cha plagi: 16 na 16 ni 32. Maili 16 peke yake ni kama kilomita za mraba 41, zaidi ya moja ya tano ya jiji zima la Kampala la leo. Aliinua macho akaniangalia kama mtu aliyeona bahari mara ya kwanza.

Nilipaswa kumwambia pale pale kwamba zile 16 za cheo hazikuwa za mtoto wala mjukuu wa mtu. Zilifuata kiti. Aliyekalia kiti hicho ndiye aliyekula matunda yake, akiondoka anamwachia anayefuata, na mwaka 1967 falme zilipofutwa, ardhi za vyeo zilichukuliwa na serikali. Zile nyingine 16, za mtu binafsi, zilikuwa na haki ya kuuzwa, kugawanywa, kuwekwa rehani na kurithiwa, na katika miaka zaidi ya mia moja mailo za wakuu wengi zimekatwa vipande vidogo vidogo. Yote haya nilimwambia baadaye, dalali mmoja wa ardhi akiwa ameshakaa kitako.

Dalali huyo alikuja na bahasha ya kaki na vivuli vya hati vilivyopauka hivi kwamba ungeweza kusoma humo jina lolote ulilolitaka. Mrithi alipomuuliza kwa nini jina la babu yake mkuu halifanani na la Kagwa, dalali alikuwa sahihi bila kukusudia: Waganda wa kale hawakurithi jina la baba. Mtoto alipewa jina kutoka katika majina ya ukoo, hivyo baba, mwana na mjukuu wangeweza kuwa na majina matatu yasiyokutana popote. Kuna pia majina yasiyo ya ukoo wowote. Wasswa na Kato ni pacha, na Kizza ni anayewafuata, awe wa ukoo gani. Anayetafuta ardhi kwa kufuata jina peke yake Buganda anafuata nyayo za kuku kwenye uwanja wa kuku.

Lakini ukoo haupotei, na hapo ndipo dalali alipohitaji ufundi. Kagwa alikuwa wa ukoo wa Nsenene. Mrithi ni wa Mmamba. Dalali akasema babu mkuu alibadili ukoo kujificha wakati wa vita vya dini. Watu waliwahi kujificha kweli katika koo za wengine, ndiyo maana uongo ule ulikuwa na ladha.

Watu wa aina hii hawakuanzia Kampala. Huko Marekani, jimbo la Iowa, mtu aliyeitwa Oscar Hartzell aliwauzia maelfu ya wakulima hisa katika urithi wa Sir Francis Drake, baharia wa Kiingereza aliyekufa mwaka 1596, akidai mali hiyo ilikuwa haijawahi kugawiwa na kwamba kesi inakaribia kwisha. Mali yenyewe haikuwepo. Hartzell aliishi London kwa starehe kwa fedha za wakulima hao, hadi aliporudishwa kwao na kuhukumiwa miaka kumi mwaka 1933. Baadhi ya waliolizwa waliendelea kumchangia hata baada ya kukamatwa. Nilimsimulia Mrithi kisa hiki. Akacheka sana, akasema, "Hao walikuwa Wazungu, ssebo. Drake hakuwa ndugu yao."

Ofisi ya ardhi haikumsaidia, na haikuwa na kosa. Anayeomba rejista ipekuliwe hutakiwa kutaja bloki na ploti, naye alikuwa na hadithi ya Krismasi. Kila dalali aliporudi alikuja na bloki mpya na ada mpya. Fedha za vipuri zikaisha. Ndipo akauza kibanja.

Kibanja hicho kilikuwa Wakiso, chini kidogo ya ekari mbili: mibuni, migomba, mwembe, na nyuma ya nyumba ya mabati makaburi matano. Ardhi yenyewe ni mailo ya mtu mwingine. Familia ilikuwa wapangaji juu yake. Tusiudharau upangaji huo. Sheria ya busuulu na envujjo, yaani kodi ya ardhi na ya mazao, iliyoanza kutumika mwaka 1928, ilimbana mwenye mailo asipandishe kodi apendavyo wala kumfukuza mkulima ovyo, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikampa mpangaji kinga ambayo wapangaji wengi duniani hawaijui hata kwa ndoto. Anaweza kurithisha. Anaweza kuuza, mwenye ardhi akiridhia. Mnunuzi alipeleka "kanzu" yake, yaani zawadi ya heshima, kwa mwenye mailo kama ilivyo desturi, mwenyekiti wa kijiji (LC1) akagonga muhuri, na siku hiyo hiyo fedha zikahamia kwenye bahasha ya kaki. Ndugu zake Mrithi hawakuulizwa. Kuvishwa lubugo kulimfanya mlinzi wa nyumba ya baba; yeye alikuelewa kama kummilikisha.

Enzi za kati Uingereza, mpiganaji wa mfalme alipokufa, ofisa wa mfalme aliwakusanya wanaume wa mahali pale, akawaapisha, akawauliza: huyu alishika ardhi gani, aliishika kutoka kwa nani, mrithi wake ni nani na ana umri gani? Majibu yakaandikwa kwenye ngozi, na kumbukumbu hizo ndizo wanazozisoma hadi leo wanaochunguza koo za huko. Uzuri wa utaratibu ule ni kwamba ulianza na majirani, watu waliomjua marehemu kwa sura. Mrithi alikuwa amekwenda kila mahali isipokuwa kwa majirani.

Na isipokuwa kwa ssenga yake. Shangazi huyu, dada mkubwa wa marehemu, anaishi Natete, na Mrithi alikuwa akipita karibu na mlango wake kila siku akiwa kwenye boda boda. Alimwendea mwishoni kabisa, dalali akiwa hapokei tena simu, akaniomba nimsindikize. Alipiga magoti nusu, akasalimia, akaeleza. Ssenga akamsikiliza hadi mwisho huku akimenya ndizi.

"Lanya," akamwambia.

Kulanya ni kutaja ukoo wako kwa mpangilio: wewe, baba, babu, hadi matawi ya ukoo mnakotokea: lunyiriri, mutuba na ssiga. Mtoto wa zamani alijua hayo kabla ya kujua kuhesabu. Mrithi alimtaja baba. Akamtaja babu. Akanyamaza.

Ssenga akaendelea kwa niaba yake, jina baada ya jina, bila kuinua kisu kwenye ndizi. Alipofika kwa babu mkuu alisimama. "Huyu alikuja kutoka Kyaggwe na mke mmoja na jembe. Akaomba mahali pa kulima. Ardhi ilikuwa ya Katikkiro, akapewa kibanja, akapanda mibuni. Akawa mtu wa Katikkiro."

"Ndivyo baba alivyosema," Mrithi akadakia.

"Baba yako alisema watu wa Katikkiro. Alisema wana?"

Katika Kiganda, mtu wa fulani ni anayemfuata, anayelima kwake, anayeitika akiitwa. Mrithi alikijua Kiganda tangu matiti ya mama yake. Hakuwa amelisikia neno.

"Na hawa," ssenga akasema, akionyesha kwa kisu mfuko wa senene niliokuwa nimemletea kama zawadi, "tangu lini mtu wa Nsenene akala senene? Umekula mezani kwangu tangu una meno mawili." Kisha akacheka mpaka akatokwa na machozi, na mimi nikacheka, na baadaye nikaona haya.

Kuna jambo ambalo hunirudia nikikumbuka siku ile. Kagwa ndiye aliyeandika kitabu cha koo za Waganda, kilichotoka mwaka 1912, akikusanya mambo ambayo bila yeye huenda yangepotea. Huyo huyo alikuwa kinara wa ugawaji ulioziweka ardhi nyingi za makaburi ya koo, yaani butaka, mikononi mwa watu wengine, na Bataka, wakuu wa koo, waliposimama kulalamika miaka ya 1920 yeye alikuwa upande wa pili. Aliziandika koo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akayagawa makaburi yao. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Mwezi uliofuata Mrithi alikwenda Wakiso. Mnunuzi alikuwa ameshang'oa mibuni, amejenga ukuta na lango la chuma. Mwembe ulikuwa bado unaonekana juu ya ukuta. Askari wa lango, kijana wa kaskazini asiyejua Kiganda, akamuuliza kwa Kiswahili: "Wewe mtu wa nani hapa?"

Akamtajia jina la babu yake mkuu, yule wa jembe. Askari akalifungua daftari la wageni, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akamwambia jina hilo halimo.