Je, Ni Haki Kulipa kwa Uamuzi Wenye Kosa?

Mkandarasi anayechimba mtaro Temeke au kujenga barabara ya mtaa Kinondoni huweza kuwa na mkataba unaomruhusu mwamuzi kukata mgogoro upesi, kabla ya usuluhishi au mahakama. Uamuzi huo huzifunga pande zote mpaka utenguliwe. Aliyeshindwa huuliza: kwa nini nilipe leo kosa litakalorekebishwa kesho? Swali ni zito, maana kumtoza mtu asichodaiwa ni dhuluma. Lakini kungoja nako kuna anayeumia: saidia fundi wa Mbagala anayelipwa kwa siku, na muuza kokoto aliyekopesha. Torati inaagiza kibarua alipwe kabla ya jua kuzama, na mafundisho ya Mtume Muhammad yanataka ujira utolewe kabla jasho halijakauka. Dini zote mbili ziliona kwamba muda wenyewe ni sehemu ya haki.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1996 ikampa mwamuzi siku 28 za kukata mgogoro wa ujenzi, na tangu kesi ya kampuni ya Macob ya 1999 mahakama zake hukazia hata uamuzi wenye kosa. Kwetu Tanzania nguvu hiyo hutoka kwenye mkataba, yaani kwenye ahadi. Itasemwa kwamba mkandarasi akifilisika fedha hazirudi. Ni kweli, na dawa yake ni dhamana ya benki. Mwamuzi asiye na mamlaka, au asiyesikiliza upande mmoja, apingwe bila kusita. Ila aliyesikilizwa na mwamuzi aliyemkubali kwa saini yake alipe kwanza, kisha aende kwenye usuluhishi.