Wito Uliokuta Safari Imepangwa

Tuseme mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Mubambiro, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, amefunga mwaka wa shule mwanzoni mwa Julai. Mshahara wake ni mdogo na huchelewa, lakini amekuwa akitoa kidogo kidogo kwenye likilimba, ule mchango wa kupokezana, hadi zamu yake imefika. Ameshakata tiketi ya boti ya Jumamosi kwenda Bukavu. Mama yake anamngoja, na ndugu zake wameiweka siku hiyo kwa mazungumzo ya mahari ya mdogo wao. Ijumaa jioni kiongozi wa nyumba kumi anapita lupango kwa lupango, yaani ua kwa ua: kesho salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kila lupango litoe mtu mmoja na jembe, mtaro umejaa mchanga na mawe ya volkano. Asiyefika atalipa.

Kwingine wito kama huu hufika kwa barua. Mkongomani aliyehamia Portland, jimbo la Maine, akishapata uraia wa Marekani, anaweza siku moja kufungua sanduku la posta na kukuta anatakiwa mahakamani, akae na wenzake wasiojuana naye na waamue kesi ya mtu wasiyemjua, wiki ile ile aliyokwisha kuilipia nauli ya watoto. Yeye anadaiwa akili yake, mwalimu wetu anadaiwa mikono yake. Hata hivyo shida yao ina mzizi mmoja: jamii imeidai siku ambayo mwenyewe alishaipa kazi nyingine. Ina haki gani ya kufanya hivyo?

Majibu mawili huja upesi. La kwanza husema wajibu ni wajibu: mambo ya wengi hutangulia, starehe ya mmoja hungoja. La pili husema siku za mtu ni mali yake, na anayezichukua bila hiari yake amemwibia. Wanaotoa majibu haya hubishana sana, lakini wote wawili wanaitazama safari kwa jicho moja, kana kwamba ni kitu cha mwenye nayo peke yake.

Ahadi ni deni, nasi tunalitumia neno hilo hasa kwa fedha, ilhali deni zito kuliko yote ni la siku. Aliyemwambia mama yake "nitafika Jumamosi" amemfanya mama huyo apange naye: ameomba kitanda kwa jirani, ameweka kuku, amewaita wajomba. Kwa hiyo mwalimu hayuko kati ya wajibu na raha. Yuko kati ya watu wawili wanaomdai, na mmoja wao hana faini ya kumtoza.

Tena kupanga, katika nchi kama hii, si jambo dogo. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma iliamriwa ihame, na makumi ya maelfu ya watu wakaifuata barabara hii kuelekea Sake wakiwa na magodoro kichwani na mizigo juu ya chukudu za mbao. Mwanzoni mwa 2024 mabomu yakaanguka Sake na hapa Mubambiro, na safari hii watu wakakimbia kurudi upande wa Goma. Mahali ambapo watu wamezoea kuondoka bila kupanga, mtu anayenunua tiketi ya wiki ijayo anatoa ushahidi kwamba barabara itapitika, kwamba boti itang'oa nanga, kwamba wiki ijayo ipo. Imani hiyo ni mali ya umma sawa na daraja. Utawala unaovunja mipango ya watu ovyo huibomoa, kisha hushangaa kwa nini hakuna anayepanda kahawa.

Hata hivyo mwenye jibu la kwanza hajakosa kabisa. Boti haikujitengenezea gati. Barabara ya kufika bandarini haikujizibua. Tiketi ile ina thamani kwa sababu watu wengi waliitika wito mwingi ambao haukuwa na raha, wengine wakiacha safari zao. Anayetaka kusafiri kila mara na kutoitika kamwe anaishi kwa jasho la majirani. Ikiwa kila upande una sehemu ya ukweli, basi kupima ni kipi kizito zaidi, wito au safari, hakutatufikisha mbali. Heri tuuchunguze wito wenyewe: ni wa namna gani hata uwe na nguvu ya kuvunja ahadi?

Waathene wa kale walilishughulikia jambo hili kwa mawe na shaba. Kila mwaka walichagua raia 6,000 waliotimiza umri wa miaka 30 wawe waamuzi. Asubuhi ya kesi, kila mmoja alikuja na kibati chenye jina lake. Vibati vilichomekwa katika safu za matundu kwenye bamba la mawe, na kando yake palikuwa na bomba lililotiwa gololi nyeupe na nyeusi. Gololi ikitoka nyeupe, safu nzima imeingia kazini. Ikitoka nyeusi, safu nzima imerudi nyumbani. Hakuna aliyeweza kumnong'oneza kitu karani, kwa kuwa karani hakuamua lolote. Malipo yalikuwa oboli tatu kwa siku, chini ya ujira wa fundi, lakini yalitosha kumfanya maskini naye aweze kuacha shamba. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na kibati, na aibu hiyo haifutiki. Ila ndani ya duara lao dogo walielewa jambo ambalo tawala nyingi hazijalielewa: aliyeitwa akiuliza "kwa nini mimi?", jibu lisiwe jina la mtu.

Ubelgiji nayo iliandika katika katiba yake ya 1831 kwamba makosa makubwa ya jinai yaamuliwe na jopo la raia. Mpaka leo waamuzi kumi na wawili hupatikana kwa bahati nasibu kutoka orodha ya wapiga kura. Mwaka 2001 jopo la namna hiyo lilikaa Brussels tangu katikati ya Aprili hadi Juni, likisikiliza kesi ya Wanyarwanda wanne, wawili wao masista, walioshtakiwa kwa mauaji ya Butare ya 1994. Watu ambao huenda hawakuwahi kuiona milima ya Maziwa Makuu walitoa wiki zao za majira mazuri ya mwaka kusikiliza mashahidi waliotoka ng'ambo hii, na mwishowe wakawatia wote wanne hatiani. Kesi ya mabomu ya Brussels ilidai zaidi: ilianza Desemba 2022, na uamuzi wa hatia ukatoka Julai 2023. Kabla haijaanza, mamia ya walioitwa walisimama mbele ya jaji kueleza kwa nini hawawezi, naye akawasikiliza mmoja mmoja. Wengine aliwaachia, wengine hakuwaachia.

Sasa tuugeukie upande wetu. Ubelgiji ile ile, ilipoitawala Kongo, haikutuletea jopo la raia. Ilituletea wito wa aina nyingine. Tangu 1917 mwanakijiji aliweza kulazimishwa kulima zao alilochaguliwa na serikali. Amri ya 1933 ilitaja siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, kwa ajili ya vita vya Wazungu, zikapandishwa hadi 120. Theluthi ya mwaka ya mtu mzima ilikuwa na mwenyewe mwingine. Hapakuwa na bahati nasibu, maana Mzungu hakuwemo kapuni. Hapakuwa na jaji wa kusikiliza udhuru, ila kiboko. Mtu yule yule aliyehesabiwa kuwa na mikono ya kutosha kulima pamba hakuhesabiwa kuwa na akili ya kutosha kumhukumu mwizi wa pamba. Kenya ya Waingereza ilikuwa na mpango wa ukoo huo huo: Mzungu alihukumiwa na jopo la Wazungu wenzake, Mwafrika akapewa wazee washauri ambao jaji hakulazimika kuufuata ushauri wao.

Rais Mobutu aliileta salongo katika miaka ya 1970, akiwaita wananchi wafanye kwa uzalendo yale waliyokuwa wakifanya kwa kiboko. Salongo imeishi kuliko yeye. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, salongo ya Jumamosi ilirudi mapema mitaani. Sisemi kuzibua mtaro ni kubaya. Mtaro ukiziba, maji huingia kwa jirani, na kipindupindu hakichagui chama. Ninachosema ni kwamba tawala zimepokezana katika eneo hili, zikichukiana kwa kila kitu, na zote zimekubaliana katika jambo moja: mwananchi huitwa alete jembe. Huitwa pia abebe mizigo ya wenye silaha, aje atoe kodi, aje atoe ushahidi. Kuitwa aamue ni nadra mno. Mnamo Mei 2021, Kivu Kaskazini ilipowekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, hata kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Katika tribinali ya amani sheria inawapa wazee nafasi ya kukaa na jaji kesi ikihusu mila, lakini hao ni watu wanaojulikana, wanaochaguliwa kwa sababu wanajulikana. Muuza mkaa wa Mubambiro hayumo.

Wahenga walisema: usikatae wito, kataa neno. Methali hii hunukuliwa kuwahimiza vijana wawe na adabu, lakini ndani yake mna sheria nzima ya uraia. Inamdai anayeitwa aje. Inamdai pia aliyeita awe tayari kusikia "hapana" au "si leo". Wito usioweza kujibiwa hauna neno la kukataliwa. Ni amri iliyovaa nguo za wito. Basi kipimo cha wito wenye haki si ukubwa wa kazi yake, ila maswali matatu ambayo aliyeitwa anaweza kuyauliza bila kuogopa: kwa nini mimi, mpaka lini, na je, naweza kusogezewa siku?

Swali la tatu linaonekana dogo, kama jambo la makarani tu, ila ndilo linalotenganisha raia na kibarua. Mahakama za Marekani kwa kawaida humruhusu aliyeitwa kuomba tarehe nyingine. Mwenye tiketi huandika, hupewa mwezi mwingine, naye hubaki na deni. Hapo serikali imekiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba ina haki juu ya siku zake, na kwamba siku hizo zilikuwa na mwenyewe kabla yake. Mwalimu wetu angependa kitu hicho hicho. Angeweza kumwambia nyumba kumi, "Baba, kesho nina ahadi ya mahari Bukavu, niandike Jumamosi mbili zijazo," na mtaro usingepungukiwa kitu. Faini haimpi njia hiyo. Faini inamwambia tajiri kwamba wajibu unauzwa, na inamwambia maskini kwamba ahadi zake hazina bei.

Mtu atauliza: kila mmoja akiomba kusogezewa, nani atabaki na jembe? Hofu hiyo ni ya haki, na wapo watakaokuwa na mama mgonjwa kila Jumamosi. Ndiyo maana deni la siku lazima liandikwe mbele ya watu na lilipwe mbele ya watu, pasipo mlango wa nyuma kwa shemeji ya chefu. Wanaovumilia mzigo huvumilia wakiuona ukizunguka. Wito huchukiwa zaidi pale unapowaangukia wale wale.

Teritori yetu ya Masisi imeshalipa bei ya kuwaacha watu nje ya uamuzi. Vita vilivyoanza Machi 1993 katika soko la Ntoto, Walikale, vikafika huku kwetu, vilijengwa juu ya maswali ya ardhi na ya nani ana sauti juu yake. Mwaka 1998 lilianzishwa Goma baraza la jamii za jimbo, Wahunde, Wahutu, Wanande, Wanyanga, Watutsi na wengine wakiketi pamoja kuzima mambo kabla hayajashika moto. Lilisaidia, kisha likavunjwa na siasa, kwa kuwa walioketi humo walikuwa wakubwa wa kila kabila, na mkubwa ana kabila la kutetea. Mama anayelima viazi pembeni ya mpaka unaogombaniwa hakuwahi kulala usiku akijiuliza ni yupi kati ya majirani wawili anasema kweli, huku akijua kwamba jibu lake litahesabiwa. Kazi hiyo humbadilisha mtu. Anayeamua kesi ya mwingine hujifunza kusikiliza ushahidi usiompendeza, na kesho akishtakiwa yeye, anajua kwamba waliomkalia ni watu wa namna yake.

Pa kuanzia ni padogo. Katika baraza la chefu wa gurupema, yaani kundi la vijiji, pale kesi za mipaka zinaposikilizwa, kati ya wanaoketi wawili watolewe kwa bahati nasibu kutoka malupango yote, wanawake kwa wanaume, waliozaliwa hapa na waliohamia, jina likivutwa kutoka kapu mbele ya macho ya watu. Wapewe chakula na nauli. Kesi iwe na siku yake ya kwisha. Na aliyevutwa jina lake akiwa ameshafunga mizigo asogezewe mara moja, si mara mbili. Watalalamika, hilo halina shaka: huyu atasema amekosa soko la Sake, yule atasema amekosa harusi Minova. Tuyapokee malalamiko hayo. Ni bora kuliko kimya cha watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanaonaje.