Napita Tu

Kiti cha matatu kikiwa wazi, maana yake hakuna aliyekikalia. Nafasi ya kazi ikitangazwa kuwa wazi, haina mtu. Mlango ukiwa wazi, ingia tu. Neno hili "wazi" limebeba vitu viwili kwa mpigo: kisicho na kizuizi, na kisicho na mwenyewe. Mara nyingi hatuoni tofauti, na mara nyingi hakuna anayeumia. Lakini mtu wa Nairobi akisimama kwenye ghorofa pale Kitengela, aangalie kusini na kusema "kule ni wazi tu", ameshatoa hukumu kuhusu ardhi ya watu kabla hata chai yake haijapoa.

Nimekuwa nikilizungusha neno hilo kichwani tangu siku yangu ya kwanza kuendesha baiskeli kwenye tambarare za Kaputiei, kaunti ya Kajiado. Haikuwa safari kubwa. Kuna wasee huenda hadi Namanga na kurudi wakipiga stori njia nzima. Sisi tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu, na baiskeli yangu ilikuwa ya kuazima. Tulitoka Kitengela saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukashika barabara ya Namanga hadi Isinya, hapo tukaacha lami na kukata kushoto kwenye murram.

Lami sina mengi ya kuisifia. Malori ni mengi, na kila moja likipita linakuvuta kisha linakusukuma. Mambo huanza ukishaiacha. Ndani ya gari upepo ni sauti tu. Juu ya baiskeli upepo ni mlima usioonekana, na hauna kilele. Siku hiyo ulitoka mashariki, usoni mwetu kabisa, tukawa tunakanyaga pedali kwenye ardhi iliyonyooka kama meza huku tukihema kama watu wa kupanda Ngong. Unaona mgunga mmoja mbele, unajiambia dakika kumi. Nusu saa baadaye mti uko pale pale, unakutazama. Ukikohoa unajisikia vizuri sana. Kusema ukweli, kuna furaha ndani yake ambayo sijui niieleze vipi bila kuonekana nimepigwa na jua.

Kitu ambacho sikukitarajia ni waya. Njia ya Namanga nimeipita mara nyingi kwa basi, na kutoka dirishani nimeona nyasi, swala na anga. Kwa mwendo wa baiskeli unaona seng'enge. Kuna mpya inayometameta na kuna iliyoshika kutu. Kuna ua wa kayaba uliopandwa juzi, bado unafika magotini. Kuna ukuta wa mawe uliozunguka kipande cha ardhi, una lango la chuma lenye kufuli, na juu yake rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Nilisimama nikachungulia ndani. Kulikuwa na nyasi. Nje pia kulikuwa na nyasi, zile zile, na punda milia watatu walikuwa wanazila bila haraka.

Mbele kidogo njia ikaisha. Kwenye ramani ya simu iliendelea, lakini mbele yetu kulikuwa na waya nne zilizokazwa vizuri. Mzee mmoja alikuwa amekaa karibu na hapo na mbuzi wake. "Sopa," nikamwamkia kwa Kimaasai changu cha maneno mawili, akajibu "Ipa," kisha akahamia Kiswahili kwa huruma.

"Njia ilikuwa hapa," alisema. "Sasa mzunguke ule upande, mpaka kwa nguzo nyeupe." Akaniangalia kofia ya plastiki, glavu, chupa ya maji iliyofungwa kwenye fremu. "Mnatafuta shamba la kununua?"

"Hapana mzee, tunapita tu."

"Sawa," akasema. "Wote huanza kwa kupita."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekueleza mvua hutoka wapi. Lakini mimi nilimeza mate, kwa sababu chama chetu cha watu tisa kimekuwa kikichanga tangu mwaka juzi, na kitu tunachochangia ni ploti ya 50 kwa 100. Iko Kajiado, si mbali na pale tulipokuwa tumesimama.

Tambarare hizi hazikuwahi kukosa sheria. Hili watu wa mjini hulipita haraka. Wamaasai huwa na olopololi, malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, na si kila ng'ombe anaruhusiwa kuyagusa. Kulikuwa na malisho ya masika na malisho ya kiangazi, na makubaliano ya nani ahamie wapi mvua ikikosa. Ukifika msimu ambao ng'ombe wamehamishwa, utaona nyasi bila mtu na kudhani umegundua nchi. Waingereza walidhani hivyo. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu bora za nchi yao, na moja ya hoja za wakati ule ilikuwa kwamba ardhi ile haitumiki. Ilikuwa imepumzishwa.

Halafu kuna mwaka 1968. Mwaka huo mwanabaolojia Mmarekani, Garrett Hardin, alichapisha makala yaliyokuja kuwa maarufu sana, akidai kwamba malisho ya pamoja lazima yaharibike, kwa kuwa kila mfugaji atataka kuongeza ng'ombe mmoja zaidi. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za vikundi, ambayo iliwapa Wamaasai hati za pamoja. Ranchi hizo baadaye zikaanza kugawanywa, kila familia kipande chake. Ile ya Kitengela iligawanywa 1988. Elinor Ostrom alikuja kuonyesha kwamba Hardin alikosea kuhusu lile neno "lazima", kwamba jamii nyingi, kuanzia malisho ya milimani Uswisi hadi vijiji vya Japani, zimetunza mali ya pamoja kwa karne nyingi kwa kuwekeana masharti. Alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Kufikia hapo Kitengela ilikuwa imeshajaa bikoni.

Sitaki kumfanya mwenye kuuza aonekane mjinga. Mtu mwenye hati yake, mtoto wake ameitwa chuo kikuu, mama yake anahitaji kufanyiwa upasuaji, anauza. Mimi ningeuza. Wapo waliojaribu njia nyingine: kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kama shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, ili wasijenge ua na wanyama wapite. Mbuga ile, iliyofunguliwa 1946, imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini uliachwa ili nyumbu na punda milia watoke wakati wa mvua na kurudi kiangazi. Shilingi 300 kwa ekari. Ekari moja hutoa ploti nane hivi za 50 kwa 100, na kila moja huuzwa mamia ya maelfu. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaimaliza.

Kwa hivyo swali halimhusu muuzaji sana. Linamhusu mnunuzi, hasa yule mwenye nia njema kama sisi tisa. Je, ua wetu utamdhuru nani?

Jibu la haraka ni hakuna. Futi 50 kwa 100 katikati ya tambarare ile ni kama kifungo kimoja kwenye koti. Punda milia atazunguka. Mzee atazunguka. Mimi mwenyewe nilizunguka hadi kwenye nguzo nyeupe na nikafika nilikokuwa naenda. Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, alilichambua jibu la namna hii katika kitabu chake cha 1984, Reasons and Persons. Alituomba tufikirie watesaji elfu moja na wateswa elfu moja. Kila mtesaji anabonyeza kitufe kinachomwongezea kila mteswa maumivu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba hakuna mteswa anayehisi tofauti. Mwisho wa siku wateswa wote wako kwenye mateso makali, na kila mtesaji anaapa, kwa haki kabisa, kwamba kitufe chake hakikumuumiza mtu. Parfit alisema anakosea: kitendo kinaweza kuwa kibaya kwa sababu ya fungu kilimo, hata kama chenyewe hakionekani.

Nilimsomea binamu yangu hoja hiyo jioni, miguu ikiwa imekufa ganzi. Akaniuliza, "Kwa hivyo kununua ploti ni kutesa watu?" Sidhani. Mfano wa Parfit una kasoro moja hapa: watesaji wake hawahitaji pa kulala. Mtu anayelipa kodi ya bedsitter Pipeline na kuota nyumba yake mwenyewe hachezi na vitufe. Kuna haja halisi upande huu pia, na maadili yasiyoihesabu ni ya watu ambao babu zao waliwaachia ekari.

Ninachoweza kukitenganisha ni hiki. Mwaka 1795 Immanuel Kant aliandika kuhusu amani ya kudumu, na humo akaeleza haki anayoiita ya ugeni. Hoja yake ni rahisi: dunia ni mviringo, hatuwezi kutawanyika bila mwisho, hatimaye tutakutana, kwa hivyo mgeni anayekuja kwa amani ana haki ya kutotendewa kama adui. Ana haki ya kuzuru. Haki ya kukaa ni jambo jingine, inahitaji makubaliano. Na Kant aliwasema waziwazi Wazungu wa enzi zake ambao kwao kuzuru nchi na kuiteka vilikuwa kitu kimoja. Wahenga wetu wana toleo lao fupi zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baiskeli yangu ilikuwa siku ya kwanza. Ploti ni siku ya tatu, na jembe lenyewe ndilo tunalobishania, maana mgeni anayekaa anapaswa kuingia kwenye masharti ya waliomtangulia, na seng'enge inafuta masharti hayo yote kwa siku moja ya kazi ya fundi.

Na haki ya kuzuru lazima iende pande zote mbili, la sivyo ni mazoea tu ya mwenye nguvu. Kila kiangazi kikali, kama kile cha 2009, wafugaji huingia Nairobi na ng'ombe wao. Utawakuta wakichunga kwenye ukanda wa nyasi katikati ya barabara, kando ya mitaa yenye mageti. Sisi hufanya nini? Tunapiga honi. Tunapiga picha na kuandika kitu cha kuchekesha. Tunawaita askari wa kaunti. Mji wenyewe unaitwa kwa jina la Kimaasai, jina la maji baridi, na mwenye lugha yake akija kutafuta maji na nyasi tunamwona kama ajali ya barabarani. Mimi nilipita kwake nikiwa na kofia ya plastiki na akanionyesha njia. Akipita kwangu, anazuiwa getini na mlinzi mwenye daftari la wageni, anaulizwa namba ya kitambulisho na anaenda kwa nani.

Ndiyo maana sioni kwamba kosa liko kwenye kumiliki. Mtu anaweza kumiliki na bado akaacha njia. Uskoti walitunga sheria mwaka 2003 inayompa mtu haki ya kupita kwenye ardhi nyingi za watu binafsi, kwa miguu au baiskeli, mradi asiharibu. Wenye mashamba hawakupoteza hati zao. Ua wa kuzunguka nyumba, hata olopololi una mantiki hiyo: hapa ndama analala, usiguse. Ua wa kuzunguka nyasi tupu unasema jambo tofauti. Unasema hata kama sipo, hata kama sitakuja miaka kumi, wewe usipite.

Nimeliweka jambo hili kwenye WhatsApp ya chama: tukinunua, tusizungushe ua hadi siku ya kujenga, na tukijenga, tuuzungushe kwenye nyumba tu. Majibu yamekuja. Mmoja ametuma emoji ya ng'ombe. Katibu, ambaye ni wakili na hasemi ovyo, ameandika kwamba ploti isiyo na ua hupotea. Bikoni hung'olewa usiku, na siku ukirudi unakuta mtu ameuziwa na broka mwingine, ana karatasi zinazofanana na zako. Anasema ukweli. Lile tangazo la HAIUZWI halikuandikwa kwa ajili ya mzee wa mbuzi. Liliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi, ambao tungeinunua mara ya pili bila kuuliza sana. Kwa hiyo mzee anazungushwa kwa sababu ya wizi ambao hakuufanya, na sisi tunaufungia waya wizi wa wenzetu tukisema ni usalama.

Mtu mwingine amependekeza bikoni za zege zilizozikwa kina kirefu, bila waya. Zinagharimu zaidi kidogo. Kikao ni Jumapili ya pili ya mwezi, na mweka hazina ameshatuma bei ya nguzo.