Shahidi wa Gazeti



Marehemu Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, alikuwa mhariri kabla ya kuwa Rais mwaka 1995. Mwaka 1966 alishika magazeti ya TANU, The Nationalist na Uhuru. Mwaka 1972 akashika Daily News, gazeti la Serikali. Je, yote aliyoyachapa tuyaite uongo kwa sababu ya mwenye gazeti? La. Tuyapokee yote kama Injili? La.

Mithali 18:17 yatufundisha kwamba msemaji wa kwanza huonekana ana haki, hata mwenzake aje amhoji. Basi tumpime mwandishi wa siasa kama shahidi. Aliona mwenyewe, au alisimuliwa? Anakula kwa nani? Anayelaumiwa amepewa nafasi ya kujibu? Akikosea, hujisahihisha? Mtakatifu Luka naye alichunguza kwanza, ndipo akaandika.

Nasi tujipime. Habari inayomwaibisha tusiyempenda twaiamini upesi, twaipeleka kisimani na kilabuni. Huo nao ni ushuhuda. Ikiwa ya uongo, amri ya tisa haitamwuliza mwandishi peke yake.

Mungu atupe masikio ya haki. Amina.