Katika Nyumba Hii Kuna Watoto Wangapi?

Ndugu msomaji, naanza na swali dogo ambalo kila mtu mzima anadhani ataweza kulijibu hata akiwa usingizini: nyumbani kwenu kuna watoto wangapi? Usicheke. Mimi niliulizwa hesabu hiyo na mvua, mwezi wa Desemba, pale Cheyo, Tabora mjini, nami nikaikosa.

Likizo ya Desemba Tabora ni msimu wa mambo mawili, maembe na mvua. Maembe huwatoa watoto nje, mvua huwarudisha ndani. Nilikuwa nimefikia kwa kaka yangu. Asubuhi yeye na mkewe walipokuwa wanatoka kwenda kazini, shemeji aliniambia mlangoni huku anafungua mwavuli: "Shemeji, nakuachia watoto. Wasitoke wakalowa." Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Watoto ni watatu tu, wa miaka sita, tisa na kumi na mmoja. Kuna nini?

Basi, mvua ile haikuwa ya radi na kupita. Ilikuwa ile inayokaa kama mgeni asiye na nauli ya kurudia kwao. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, kwa hiyo televisheni ilikuwa kabati tu. Simu yangu ilibakiwa na chaji ya kupokea simu moja. Juu mabati yanapiga kelele mpaka mnasemezana kwa kupayuka. Watoto wote watatu wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeileta mvua.

"Ba'mdogo, tufanye nini?"

Tukaanza na rede, kwa mpira wa soksi. Rede ya sebuleni haina maisha marefu. Glasi ya pili ilipoanguka tukaifunga wenyewe kabla hatujafungiwa. Tukahamia kwenye mdako, duara la chaki kwenye sakafu ya saruji na kokoto za barazani. Mdogo akashindwa, akanuna. Tukachora bao kwa chaki, kete zikawa maharage. Maharage yenyewe tuliyachota kwenye ungo wa dada, aliyekuwa ameketi ukumbini akiyachambua. Alisogeza ungo, tukachota, akaendelea na kazi yake. Sikumwambia hata asante.

Nikisema "dada" unanielewa. Simaanishi dada wa tumbo moja. Namaanisha yule binti anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, ambaye nyumba nzima humwita dada, hata baba mwenye nyumba ambaye angeweza kumzaa.

Bao nalo likachosha. Ndipo yule wa kati akapaza sauti: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Wanapiga ngoma juu ya nyumba yetu lakini hatuwaoni."

Kabla ndugu zake hawajafungua mdomo, sauti ikatoka ukumbini: "Mvua." Wote tukageuka. Dada alikuwa ameinamia ungo wake, anatabasamu. Watoto wakampigia makofi, wakamvuta mkono, akaja akakaa nasi mkekani. Katika muda wa dakika kumi akawa amewashinda wote, na mimi nikiwemo. Kumbe tulikuwa na bingwa ndani ya nyumba, tukawa tunahangaika na mpira wa soksi!

Kisha akatega cha kwake: "Hushinda ndani ya chungu kila siku, lakini hajawahi kushiba."

Moto? Hapana. Mfuniko? Hapana. Maji? Hapana. Wakashindwa. Sasa unajua desturi: ukishindwa unatoa mji, na mtegaji anaupokea au anaukataa mpaka apewe unaomridhisha. Akishapokea, anasimulia alivyokwenda huko na alichokifanya, ndipo anatoa jibu. Watoto wakampa Dar es Salaam. Akakataa. Mwanza? Akakataa. Dodoma? Akatikisa kichwa.

"Nipeni Urambo."

"Urambo!" mkubwa akashangaa. "Umekataa Dar unataka Urambo?"

"Ndiyo ninaoutaka."

Wakampa. Akanyoosha miguu kwenye mkeka, akaanza. "Haya. Nimekwenda Urambo. Nimemkuta bibi yuko barazani. Akaniambia, mjukuu wangu, kaa hapa. Nikakaa. Nimekaa tu, hakuna aliyeniita. Halafu wadogo zangu wakaja, wakanikuta bado nimekaa..."

Hapo ndipo mimi, msomi wa watu, mwandishi chipukizi, mpenda haki, nikanusa kitu jikoni. Nikasema: "Dada, hayo maharage hayaungui?"

Akanyanyuka papo hapo. Hakukasirika, wala hakumaliza sentensi. Watoto wakalalamika: "Ba'mdogo, hajamaliza mji wake! Na jibu hajatupa!" Wakamfuata jikoni mbio. Nikawasikia wanapiga kelele na kucheka, nami nikaenda kuchungulia. Alikuwa anakoroga sufuria, na jibu la kitendawili lilikuwa mkononi mwake. Mwiko.

Watoto walicheka sana. Mimi kicheko kilinikwama.

Tangu siku ile najiuliza: niliachiwa watoto wangapi? Jioni nilimwuliza binti yule jina lake halisi (nimelihifadhi) na umri wake. Ana miaka kumi na mitano, amemaliza darasa la saba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo watoto walikuwa wanne. Watatu nilikuwa nawatafutia mchezo, na wa nne nilimkatiza mchezo ili watatu wale wapate chakula, na mimi nipate.

Naomba nieleweke. Sileti hapa mambo ya polisi. Sheria hiyohiyo inamruhusu mtoto aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Kaka yangu na mkewe si watu wabaya. Hawampigi, na mshahara wake anautuma kwao. Lakini sheria ikishamaliza kusema, dhamiri ndiyo kwanza inaanza. Swali langu ni hili: je, mchezo ni mali ya mtoto, au ni mali ya mzazi anayeweza kuulipia?

Najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza: eti kazi ni malezi, na mtoto wa Kiafrika amekua kwa kufanya kazi. Kweli kabisa. Hapa Unyamwezini kijana alikuwa hahesabiwi mtu mzima sawasawa mpaka abebe mzigo afike Pwani na kurudi. Lakini mvua zilipoanza wengi wa wapagazi hao walikuwa kwao wanalima, na mtoto aliyechunga au kutwanga mchana, usiku alikuwa na nafasi yake penye moto na hadithi. Kazi ilikuwa ya nyumba yake, na mchezo vilevile. Malezi yana vyote viwili. Ukichukua kazi ukaacha mchezo, hayo si malezi tena. Hiyo ni ajira, tuiite hivyo.

Hoja ya pili: bila kazi hii hali yake ingekuwa mbaya zaidi kijijini. Huenda. Lakini hiyo ni sababu ya kumlipa vizuri. Haiwezi kuwa sababu ya kutomhesabu.

Na kutohesabiwa, ndugu yangu, sisi wa Tabora tunakujua. Mji huu umejengwa juu ya mabega ya watu. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo na msafara wa watu karibu 200, akapita hapa Unyanyembe, akaenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Shuleni tulijifunza kwamba Stanley alisafiri. Mmoja! Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, nyumba waliyokaa wazungu hao wawili mwaka 1872 imehifadhiwa kwa kumbukumbu. Vizuri. Lakini aliyebeba kitanda, bunduki na majora ya vitambaa hakuwa msafiri, alikuwa sehemu ya mzigo. Tunawalaumu waandishi wa zamani kwa hesabu hiyo mbovu, halafu tunarudi nyumbani tunasema "watoto watatu".

Neno "dada" lenyewe linatusaidia kujidanganya. Ni neno la damu, tamu, la heshima. Tumelifanya cheo cha kazi, na kwa kuwa ni tamu hatusikii tena uchungu uliomo. Dada wa kweli ungemwacha amalize mji wake. Ungekwenda mwenyewe kuangalia maharage.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, na ilitoka kwa shemeji. Usiku nilimsimulia yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza taratibu, bila hasira: "Sawa, shemeji. Na kazi utafanya wewe?"

Sikuwa na jibu zuri, na sitajifanya ninalo leo. Yeye naye ametoka kazini amelowa, miguu inamuuma. Lakini swali lake lilinionyesha kitu: raha ya watoto wetu ndani ya nyumba ina mtu anayeilipia. Tunapowanunulia katuni, baiskeli na vitabu vya picha, tunadhani gharama imeishia dukani. Kumbe gharama nyingine inalipwa jikoni, na anayeilipa ni mtoto mwenzao. Watoto wenyewe hawana kosa, hao ndio waliopiga kelele kwamba hajamaliza mji wake. Waliona dhuluma kabla yangu, kwa sababu katika mchezo mtu ni mtu: umeshinda, unastahili mji.

Baada ya chakula mchana ule mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilimwita mtoto mkubwa tukaosha vyombo, yeye akilalamika na mimi nikilalamika kimoyomoyo. Kisha tukarudi mkekani, tukampa dada Urambo yake upya. Safari hii alikwenda mpaka mwisho. Alikuwa na mambo mengi huko: bibi, wadogo zake, mbuzi mmoja mwizi, mwembe wa nyuma ya nyumba. Watoto watatu walisikiliza zaidi ya saa nzima bila kuniuliza wafanye nini.

Sikuikomboa dunia. Kesho yake binti yule aliamka saa kumi na moja kama kawaida, nami siku chache baadaye nikapanda basi nikaondoka. Sijui nani anaosha vyombo leo. Ninachojua ni kwamba mtoto hachezeshwi kwa kumnyima mtoto mwingine mchezo, na kwamba saa moja ya mkekani haimfilisi mtu yeyote.

Kwa hiyo nakurudishia swali, wewe unayesoma huku pengine kuna mtu anakupikia. Mvua ikinyesha, mkafungiwa ndani wote, hesabu watoto. Ukimaliza, nenda jikoni, halafu hesabu tena.