Kuonya na Kukamia

Maneno haya mawili watu wengi huyachanganya, kwani yote huingiza khofu moyoni, na yote hujengwa kwa "usipofanya hivi, yatakupata haya". Walakini asili ya kuonya ni kuona: mwenye kuonya amfanya mwenzake alione asiloliona. Mwenye kukamia hamwonyeshi mtu kitu illa mkono wake mwenyewe.

Tuzitazame khabari za Hanang, iliyokuwa zamani katika wilaya ya Mbulu. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, ubavu wa Mlima Hanang ulioshiba mvua ulibomoka. Matope, mawe na magogo yakateremka mpaka Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Waliokufa walipita 80. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mvua za vuli mwaka ule zingezidi kadiri. Hilo lilikuwa onyo, ingawa halikutaja mlima wala siku. Aliyelitoa hakuwa na mvua mkononi, na lau isingalinyesha asingalihuzunika kuonekana amekosea. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kupita zote: mwenye kuonya hupenda neno lake lisitimie, na mwenye kukamia huona haya lisipotimia.

Katika Hanang hiyohiyo, kwenye tambarare za Basotu, Wabarbaig waliondolewa katika malisho yao kwa ajili ya mashamba ya ngano ya shirika la serikali, NAFCO. Yalichukua kiasi cha eka 100,000, na aliyeingiza ng'ombe alitozwa faini. Hapo madhara hayakutoka mlimani, bali kwa yuleyule aliyesema "ondokeni". Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikalipa shirika ushindi.

Basi baada ya maafa ya 2023, waliokaa penye njia ya matope waliambiwa wahame, na serikali ikajenga nyumba mahali pengine. Neno ni lilelile. Mtu ambaye baba yake aliondolewa kwalo, atajuaje kuwa mara hii laonya? Simlaumu akisita. Na mjumbe akiongeza "msipohama tutabomoa", onyo limekwisha kuwa kamio, ingawa mlima haukubadilika. Khofu hupita, lakini vitisho vya jana hula imani ambayo onyo la kesho lingaliitegemea.

Huenda mtu akauliza: na Mwenyezi Mungu je, yeye aonyaye na adhabu i mkononi mwake? Swali ni zito. Nabii Nuhu alionya, naye hakuwa na gharika. Waliokamia ni kaumu yake, kwamba asipokoma watampiga mawe, na mawe walikuwa nayo. Ama kwa Mola mwenyewe, wanavyuoni walikhitilafiana: Muutazila wakasema hana budi kulitimiza kila alilokhofisha, Ashaari wakasema akisamehe si uwongo, ni ukarimu. Kwa kauli hii ya pili, aonyaye huachia neno lake lisitimie, wala haoni haya.

Wala haitufai kuyageuza matope ya Katesh kuwa adhabu juu ya wafu wale. Tumefundishwa kwamba aliyezama na aliyefukiwa huhesabiwa katika mashahidi.