Hesabu ya Safari na Amri ya Nane

Liko swali ambalo latupasa kulitazama kwa makini sisi tukaao Murangi na upande wote wa Musoma, maana siku hizi wengi wetu wana motokaa na pikipiki za biashara. Swali ni hili: mtu aandikapo hesabu zake kwa ajili ya kodi, je, ni dhambi kuongeza safari kidogo? Wako wasemao ya kuwa jambo hili ni la makarani, si la kanisa. Sisi twaona ni la kanisa, kwa kuwa mahali palipoandikwa neno lisilo kweli, hapo amri za Mungu zimekwisha kuguswa.

Kwanza tuijue sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 yamruhusu mfanyabiashara kuondoa katika mapato yake gharama zilizotumika kwa kuyapata mapato hayo, na kwa kazi hiyo tu. Gharama za kujitunza yeye na nyumba yake hazimo. Basi mtu akinunua dagaa mwaloni na kuwachukua kwa gari mpaka soko la Musoma, mafuta ya safari ile ni gharama ya kazi. Jioni akilipeleka gari lile lile arusini Bunda, mafuta ya arusi ni yake mwenyewe, maana dagaa hawakuuzwa huko. Wachuuzi wadogo wanaotozwa kwa kiasi cha mauzo hawaandiki gharama hizi. Lakini nao huulizwa mauzo yao, na jaribu ni lile lile. Wala si kwetu tu. Huko Marekani Serikali hutaja kiasi kwa kila maili ya kazi, nacho kilikuwa senti 70 mwaka 2025. Walakini njia ya kila siku ya kutoka nyumbani kwenda kazini haihesabiwi.

Sasa dhambi i wapi? Dkt. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba, alionya juu ya wezi waketio vitini na kuitwa waungwana, ambao wizi wao wapita ule wa mvunja sanduku. Mwenye kuandika safari ambayo hakuifanya ameketi katika kiti hicho. Tena ameivunja na amri ya nane, kwa sababu hesabu ni ushahidi: yasema, «Siku hii nilikuwa mahali hapa, kwa kazi hii.» Ushahidi wa uongo haugeuki kuwa kweli kwa kuwa umeandikwa kwa tarakimu.

Wengine hujibu, «Serikali si jirani yangu.» Twajua neno hili limetoka wapi. Wadachi walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba, baba zetu hawakuulizwa shauri, na kumkwepa mtoza kodi kulihesabiwa kuwa ni akili. Lakini leo sisi wenyewe twadai barabara, zahanati na walimu. Tena yuko jirani wa karibu zaidi, naye ni mchuuzi mwenzako aliyeandika kweli. Wewe uliyepunguza kodi kwa hila waweza kuuza kwa bei ndogo kuliko yeye, naye ashindwa sokoni kwa sababu ya uaminifu wake. Huyo ndiye uliyemwibia.

Wengine husema, «Lakini maofisa nao hula.» Wakila, wamefanya dhambi, wala dhambi yao haiigeuzi yetu kuwa haki. Yohana Mbatizaji hakuwaficha watoza ushuru mpaka wao (Luka 3:12-13). Ofisa akataaye safari ya kweli ili apewe kitu kwa siri, huyo naye ni mwizi, na kanisa lisiogope kumwambia.

Hata hivyo liko jambo gumu. Mtu apeleka samaki Musoma, na huko amtazama mama yake mgonjwa. Je, safari hii ni ya nani? Twashauri ajiulize: kama mama asingeugua, ningekwenda? Ikiwa ndiyo, wala njia haikurefuka, aandike bila hofu. Ikiwa alizunguka, aondoe kilometa za kuzunguka. Lakini ikiwa alitia ndoo moja ya samaki garini ili ziara ipate kuitwa kazi, dhamiri yake yamjua, na Mungu amjua zaidi.

Tusipite kiasi upande wa pili pia. Wako Wakristo ambao kwa woga hawaandiki hata safari za kweli. Huo si utakatifu. Mtume atuagiza kumlipa kila mtu haki yake (Warumi 13:7); hakuagiza kulipa isiyo haki yake.

Basi kila mwenye chombo aweke daftari ndani yake, akaandike siku ile ile: tarehe, atokako, aendako, sababu, na kilometa za mwanzo na za mwisho. Asingoje mwisho wa mwezi, maana kumbukumbu iliyochelewa huelekea mfukoni. Kama mwezi huo alikwenda kilometa 1,000, na za kazi ni 650, atajua pasipo kubahatisha. Daftari na stakabadhi azitunze miaka mitano, kama ilivyoagiza sheria ya mwaka 2015.

Nasi watumishi wa kanisa tusijidhani tu nje ya neno hili. Mwinjilisti arudishiwapo fedha za petroli, zatoka katika sadaka, na ndani yake imo senti ya mjane. Tukiongeza kilometa tano za uongo, twawezaje kusimama mbele ya watoto wa kipaimara na kuwafundisha amri ya nane? Zakayo alipompokea Bwana, toba yake ilionekana katika hesabu. Na yetu ionekane humo.